Noki ya Mwako na Noki ya Beringi: Namna ya Kuifundisha Sensa Kuisikia Injini Iliyoongezwa Nguvu

Ukipita katika gereji za Jomvu, Changamwe au Bombolulu hapa Mombasa na kusikia mtu akisema kwamba injini ya gari fulani "imenoki", neno hilo pekee halitakuambia kama anazungumzia injini iliyokufa au injini inayohitaji tu petroli bora na marekebisho madogo. Tumelizoea neno moja kwa maradhi mawili yaliyo mbali sana, na mkanganyiko huo umekuwa ukiwagharimu watu pistoni, hasa vijana wenye Subaru na Toyota zenye turbo, ile pampu inayoisukumia injini hewa zaidi, ambao wameongeza nguvu za magari yao kisha wakaambiwa kwamba wako salama kwa kuwa gari lina "sensa ya noki". Sensa ipo, ndiyo. Lakini sensa ni sikio, na sikio ambalo halijafundishwa kutofautisha sauti haliwezi kumlinda mtu.

Tuanze kwa kuyatenganisha maradhi yenyewe. Noki ya beringi ni ya chuma kwa chuma: beringi inayoshika konrodi (mkono wa pistoni) kwenye krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) imelika, nafasi imepanuka, na kila pistoni inapobadilisha mwelekeo konrodi hugonga. Sauti yake ni nzito, hufuata mwendo wa injini, na mara nyingi fundi huisikia hata gari likiwa limesimama. Chanzo chake kwa kawaida ni oili iliyopungua, iliyochakaa au isiyofika panapotakiwa. Gari likifikia hapo, hakuna petroli wala kompyuta itakayoliponya. Ni kufungua injini.

Noki ya mwako ni jambo jingine kabisa. Hii hutokea ndani ya silinda, katika moto wenyewe, na vyuma vyote vinaweza kuwa vizima kama siku vilipotoka kiwandani. Ikisikika, husikika nyembamba na kavu, kama kokoto ndogo zikitikiswa ndani ya kopo la rangi, na aghalabu hutokea gari likiwa limebeba mzigo: umekanyaga mafuta ukipanda kutoka Jomvu kuelekea Mazeras, gia iko juu, mwendo uko chini. Ukiachia mafuta, inanyamaza. Kuanzia hapa, nikisema noki pekee, nitakuwa nazungumzia hii ya mwako, kwa sababu ndiyo ambayo sensa iliwekwa kuisikiliza.

Ili kuelewa inavyotokea, mfikirie mtu anayejaza upepo gurudumu la baiskeli. Akipampu kwa dakika moja, mwisho wa pampu huwa wa moto kiasi cha kuchoma kidole, ingawa hakuna aliyewasha kiberiti. Hewa ikibanwa hupata joto. Ndani ya silinda, pistoni huubana mchanganyiko wa hewa na petroli kwa nguvu kubwa zaidi, kisha plagi hutoa cheche, na moto huanza pale kwenye plagi na kusambaa kuelekea kingo za silinda. Kusambaa huko si mlipuko. Ni moto unaotembea, kwa haraka sana lakini kwa utaratibu, kama ukingo wa moto unavyokula kipande cha karatasi. Tatizo ni kwamba moto unapotembea, gesi zilizokwisha kuungua hutanuka na kuzidi kuubana ule mchanganyiko uliobaki pembeni, ambao bado haujafikiwa. Mchanganyiko huo wa mwisho ukibanwa na kupashwa joto kupita uwezo wake, hauingoji zamu. Hujiwasha wenyewe, wote kwa mkupuo, na wimbi la shinikizo hugonga kuta za silinda na kurudi, mara maelfu kwa sekunde. Mlio wa kokoto unaousikia ni mtetemo wa kuta hizo.

Injini ya dizeli hujiwasha hivyo hivyo kwa makusudi, maana haina plagi za cheche kabisa, na imejengwa nzito ili ihimili kishindo hicho. Injini ya petroli haikujengwa hivyo.

Madhara yake hayatokani na sauti. Kwa kawaida kuna utando mwembamba wa gesi isiyo na joto kali unaoufunika uso wa pistoni na kuta za silinda, na mawimbi ya noki huupasua utando huo, hivyo joto la mwako hufika moja kwa moja kwenye aluminiamu. Noki nyepesi ya mara moja moja injini nyingi huihimili. Noki nzito inayojirudia huacha vishimo vidogo kwenye uso wa pistoni, huacha vidoadoa kwenye kauri ya plagi, hupasua gasketi ya hedi, na mara nyingi huvunja ule ukuta mwembamba wa pistoni ulio kati ya ringi na ringi. Mwenye gari huona moshi na kupotea kwa nguvu, na huwa hajasikia chochote, kwa kuwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, pamoja na kelele ya ekzosi na turbo, sikio la binadamu halina nafasi. Kwa hiyo anayesema "gari langu halina noki, ningeisikia" anajipa uhakika ambao hana.

Sasa, kwa nini gari lililoongezwa nguvu? Plagi hutoa cheche kabla pistoni haijafika juu kabisa, kwa sababu moto unahitaji muda wa kukua. Umbali huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa krenkishafti, na mafundi huuita taimingi. Anayemsukuma mtoto kwenye pembea za Idi pale Makadara analielewa jambo hili bila kufundishwa: ukisukuma pembea inapoanza kuondoka, inaruka, ukiisukuma ingali inakuja kwako, unapingana nayo na mkono unaumia. Cheche ikiwahi kwa kiasi kinachofaa, nguvu hupatikana. Ikiwahi mno, shinikizo hupanda pistoni ingali inakuja juu, na noki huzaliwa. Kumbe kuongeza nguvu ni kuyafanya yale yale yanayoileta: kuongeza shinikizo la turbo, kuwahisha cheche, au kupunguza petroli iliyokuwa ikipoza mwako. Kiwanda huacha nafasi ya usalama, na anayebadilisha ramani ya injini, yaani jedwali la amri ambazo kompyuta ya gari hufuata, huila nafasi hiyo.

Mombasa inaongeza yake. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa huko ina shinikizo pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na hapa. Gari lisilo na turbo ambalo ramani yake ilinyooshwa Nairobi likishuka Pwani hujaza silinda hewa nzito kuliko ile iliyopimiwa, shinikizo hupanda, na taimingi iliyokuwa salama Ngong Road inakuwa ya hatari Nyali. Juu ya hilo kuna joto. Miezi ya kaskazi, hasa Januari hadi Machi, adhuhuri hufikia digrii 32 au 33, na gari lililokaa kwenye foleni ya feri ya Likoni au nyuma ya malori ya Changamwe huwa limepasha kila kilicho chini ya boneti, pamoja na kipozeo cha hewa ya turbo. Unyevu wetu wa Pwani husaidia kidogo, kwa sababu mvuke wa maji hupoza mwako, lakini mimi nisingejenga ramani juu ya msaada huo.

Kisha kuna petroli, na hapa dhana potofu ni nyingi. Okteni si kipimo cha nguvu wala cha usafi. Ni kipimo cha subira: uwezo wa petroli kubanwa na kupashwa joto bila kujiwasha. Kipimo hicho kilijengwa juu ya kemikali mbili, isookteni iliyopewa 100 na heptani iliyopewa 0. Gari dogo la kawaida ambalo kiwanda kililiandaa kwa petroli ya kawaida halipati faida ya maana kwa kununuliwa petroli ya okteni ya juu. Gari lenye turbo kutoka Japani ni habari nyingine, kwa sababu kiwango rasmi cha Japani kinataka petroli ya kawaida isipungue okteni 89 na ya daraja la juu isipungue 96, na kwa kweli ile ya juu inayouzwa huko hukaribia 100. Ramani ya kiwanda ya magari mengi ya kasi yanayoshushwa bandarini Kilindini iliandikwa kwa petroli hiyo ya juu. Super ya kawaida ya pampu zetu haifiki hapo, na tangu mtambo wa Changamwe uache kusafisha mafuta mwaka 2013, petroli yetu huingia ikiwa tayari, na vituo vya majina tofauti huuza super inayotoka kwenye shehena zile zile. Kuhama kituo kwa kituo ukitafuta super ya kawaida yenye okteni zaidi hakukusaidii. Panapokuwa na tofauti ni katika petroli ile maalumu inayouzwa kwa bei yake.

Kosa jingine hutokana na kufuata maelekezo ya Wamarekani. Namba ya pampu zao ni wastani wa vipimo viwili, ilhali sisi hutumia kimoja ambacho daima hutoa namba kubwa zaidi. Petroli ya 93 ya Marekani ni takriban 97 au 98 kwa kipimo chetu. Kijana anayeinakili ramani iliyoandikwa kwa "93" akidhani ni 93 yetu ameshaipeleka injini yake pabaya kabla hajawasha gari. Na ubaya wa noki si wa leo: mwaka 1921 watafiti wa kampuni ya General Motors waligundua kwamba risasi ikichanganywa kwenye petroli huituliza, na dunia ikaivuta sumu hiyo kwa miaka mia moja, hadi Algeria, nchi ya mwisho kuiuza kwa magari, ilipoacha mwaka 2021.

Tufike kwenye sensa. Ndani yake mna kauri ya aina ambayo ikibanwa au kutetemeshwa hutoa umeme kidogo. Imefungwa kwa bolti kwenye bloku, yaani kiwiliwili cha injini chenye silinda, hivyo kila mtetemo wa bloku, uwe wa noki, wa vali kujifunga, wa pistoni kusugua ukuta au wa jeki iliyoangushwa chini, hugeuka umeme na kufika kwenye kompyuta. Neno "sensa ya noki" linapotosha kidogo, kwa kuwa yenyewe haijui noki ni nini. Inachojua ni mtetemo tu. Kuamua kwamba mtetemo huu ni noki na ule ni vali ni kazi ya kompyuta, na kompyuta ya kiwanda ilifundishwa kuamua hivyo kwa injini ya kiwanda. Ukibadilisha pistoni, ukaweka mipira migumu ya kushikilia injini, au ukaweka kompyuta mpya ya kutyuni, somo lile la zamani halifai tena.

Kazi huanzia kwenye bolti, na ndipo mimi mwenyewe nilipoumia. Miaka kadhaa iliyopita nililipeleka gari langu kwenye gereji moja ya hapa mjini likafunguliwa injini, na lilirudi likipendeza: bloku imepigwa rangi ya fedha, mipira yote mipya. Nililiendesha miezi minne bila taa yoyote kuwaka kwenye dashibodi, nikaamini. Injini ilipofunguliwa mara ya pili, pistoni ya tatu ilikuwa imevunjika ukuta kati ya ringi ya kwanza na ya pili, kipande cha ukubwa wa ukucha. Tulipoitoa sensa, chini yake kulikuwa na rangi nene ya fedha na, juu ya rangi, washa ya mpira ambayo mtu aliiweka ili bolti iliyokuwa ndefu ikaze. Ilikuwa kama kumsikiliza mgonjwa kifua akiwa amevaa koti la mvua. Sensa ikae kwenye chuma kitupu, kilichosafishwa na kunyooka, bila washa, bila gundi ya nyuzi, na bolti ikazwe kwa spana yenye kipimo. Kwa sensa bapa za kisasa zenye tundu la bolti ya milimita 8, kipimo cha kawaida ni nyutonimita 20 hivi. Ikilegea haisikii; ikikazwa kupita kiasi kauri hupasuka. Waya wake uwe na ngao, na ngao hiyo iungwe kwenye ardhi ya umeme ya gari upande mmoja tu, la sivyo kelele za koili za plagi zitaingia humo.

Hapo ndipo swali la masafa linapofuata, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Kila silinda ina mlio wake wa noki, na mlio huo hutegemea zaidi upana wa silinda. Aliyehudhuria ngoma za Pwani anajua kwamba chapuo, kwa udogo wake, hulia juu, na vumi hulia chini. Silinda nyembamba na pana hufuata kanuni hiyo hiyo. Hesabu ya kuanzia ni nyepesi: gawa 573 kwa kipenyo cha silinda kwa milimita, na jibu litakuwa kwa kilohezi, yaani maelfu ya mitetemo kwa sekunde. EJ20, injini ya Subaru, ina silinda za milimita 92, hivyo noki yake hulia karibu na kilohezi 6.2. 1JZ-GTE ya Toyota, milimita 86, karibu 6.7. 1NZ-FE inayosukuma Probox nyingi mjini, milimita 75, karibu 7.6. Kompyuta huambiwa isikilize hapo na kuyapuuza masafa mengine. Ikiwa kelele za vyuma vya injini hiyo zimejaa katika masafa hayo hayo, mafundi wengi hupanda hadi kama mara mbili yake, ambako noki bado huacha alama lakini kelele nyingine zimepungua. Namba ya hesabu ni pa kuanzia tu. Injini yenyewe ndiyo husema neno la mwisho.

Chujio la pili ni la wakati. Noki haiwezi kutokea wakati wowote; hutokea baada ya cheche, pistoni ikiwa imeanza kushuka. Kompyuta hufunguliwa dirisha la kusikiliza, kwa mfano kuanzia digrii 10 hadi 60 au 70 baada ya pistoni kupita juu, na kuzibwa masikio muda uliobaki. Kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, digrii 60 ni chini ya sehemu mbili za elfu za sekunde. Muda huo mfupi unatosha kuziacha nje kelele nyingi za vali, ambazo zina saa zake za kugonga.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo naliona kuwa ndilo moyo wa kazi yote, na ambalo gereji nyingi huliruka: kuujua ukimya wa injini hiyo. Mama anayeuza mboga sokoni Kongowea humtambua mwanawe akilia katikati ya kelele za wapagazi na mikokoteni, si kwa sababu mtoto analia kuliko soko, bali kwa sababu mama anazijua kelele za soko la alfajiri na za soko la saa nne, na anasikia kilichozidi. Injini nayo ina kelele yake kwa kila mwendo. Kwenye mizunguko 2,000 bloku hutetemeka kidogo. Kwenye 6,500 hutetemeka mara nyingi zaidi bila noki yoyote. Anayeweka kiwango kimoja cha kengele kwa miendo yote atapata kengele inayolia ovyo juu na iliyokufa chini, na chini, kwenye mizunguko 2,500 hadi 4,000 turbo inapojaza, ndiko noki mbaya hupenda kutokea.

Namna ya kufanya ni hii. Gari hupandishwa kwenye daino, ile mashine ya roli inayopima nguvu, si barabarani. Najua barabara ya Dongo Kundu inavutia, lakini macho hayawezi kuwa kwenye grafu na kwenye njia kwa pamoja. Hutiwa petroli bora kabisa inayopatikana, turbo hushushwa, na taimingi hurudishwa nyuma digrii nne au tano kuliko inavyotakiwa, ili mtu awe na hakika kwamba noki haipo. Kisha injini huvutwa kutoka mizunguko ya chini hadi ya juu, mara kadhaa, na thamani ya sensa huandikwa kila mizunguko 500, kwa kila silinda kama kompyuta inaweza. Namba hizo ndizo jedwali la ukimya. Kengele huwekwa juu yake kwa nafasi ya kutosha, mwendo kwa mwendo, na kila silinda kwa kiwango chake, kwa sababu silinda iliyo karibu na sensa husikika kwa nguvu kuliko iliyo mbali. EJ20 nyingi zina sensa moja tu, ilhali silinda zake zimelala mbili kila upande. Kuzipa zote nne kiwango kimoja ni kuziacha mbili bila mlinzi.

Jedwali likishakamilika, lazima lithibitishwe kwa sikio. Nilishuhudia kazi hii kwenye karakana moja ya Jomvu, na fundi aliyeifanya alitumia kifaa ambacho hakikumgharimu hata shilingi elfu. Alichukua kipande cha bomba la shaba la friji, akalipondaponda ncha moja hadi ikawa bapa, akaitoboa na kuifunga kwenye bloku karibu na sensa. Ncha ya pili aliivika mpira mrefu ulioingia kwenye vizibo vya masikio vya wafanyakazi wa bandarini. Mwenye gari, kijana wa miaka ishirini na kitu, akamuuliza, "Ami, si kompyuta inatuonyesha kila kitu?" Mzee hakuacha kufunga bolti. "Yaonyesha namba, mwanangu," akamjibu. "Lakini sharti mtu aiambie hiyo namba ni ya nini."

Shinikizo la turbo likiwa chini na injini ikishikiliwa kwenye mizunguko 3,000, msaidizi wake aliongeza taimingi digrii moja moja. Mzee alikuwa amefumba macho. Kwenye digrii ya tano aliinua kidole, na papo hapo mstari wa sensa kwenye skrini ukaruka. Wakarudisha. Akatuvika vizibo kwa zamu na kurudia mara moja tu, kwa muda mfupi sana: juu ya mngurumo ulio sawa ulipita mlio mmoja mkavu, kama shanga zikidondoka kwenye sinia, kisha haukuwepo tena. Kidole na mstari vilipokubaliana, ndipo alipoiamini sensa. Lau mstari ungeruka kabla ya kidole, kengele ingekuwa inaogopa vivuli. Na kama kidole kingeinuka huku mstari umelala, masafa au kiwango kingekuwa kimekosewa.

Kipimo hiki pia hutatua ugomvi wa siku nyingi kuhusu noki za uongo. Pistoni za kufuliwa, yaani zilizoundwa kwa kupondwa badala ya kumiminwa kwenye kalibu, hugonga ukuta injini ikiwa baridi, bati la kuzuia joto lililolegea hutetemeka, bomba la ekzosi hugusa chesisi, na vyote hivi sensa huvisikia. Noki ya kweli hutii: ukirudisha taimingi digrii mbili au tatu, au ukatia petroli ya okteni ya juu zaidi, hupungua au hutoweka. Kelele ya chuma haitii. Kwa hiyo kabla ya mtu kushusha usikivu wa sensa kwa madai kwamba "inadanganya", na arudishe taimingi kwanza aone. Wanaochomoa waya au kuweka rezista ili kuizima taa wanafanya jambo baya zaidi. Kompyuta nyingi za kiwanda zikiona waya umekatika, kwa mfano kwa msimbo wa hitilafu P0325, hurudisha taimingi nyuma kwa tahadhari, na gari huwa zito. Zikidanganywa kwa rezista, huendelea kuwahisha cheche zikiamini kwamba kuna anayesikiliza.

Baada ya kusikia, kompyuta iambiwe la kufanya. Utaratibu wa kawaida ni kurudisha taimingi nyuma haraka na kuirejesha mahali pake polepole: noki ikisikika, digrii mbili au tatu zikatwe mara moja kwenye silinda husika, kisha zirudi kidogo kidogo kwa sekunde kadhaa. Ikijirudia, shinikizo la turbo lishushwe na taa iwake mbele ya dereva. Mpangilio huu ni wa dharura. Ramani inayotegemea sensa kuikata taimingi kila mara gari linapokanyagwa ni ramani mbovu, na nimewaona watu wakijivunia nguvu za daino zilizopatikana sensa ikiwa inafanya kazi bila kupumzika.

Kuna pia ambalo sensa haiwezi kuliponya hata ikiwa imewekwa vizuri. Wakati mwingine mchanganyiko huwashwa kabla ya cheche, na kitu chenye joto jekundu ndani ya silinda, kama ncha ya plagi isiyofaa au kaboni iliyoganda. Huko ni kujiwasha mapema, si noki, ingawa kimoja huweza kukizaa kingine. Sensa inaweza kuusikia mshindo wake, lakini kurudisha taimingi hakusaidii, kwa sababu si cheche iliyouwasha moto. Hapo dawa ni kukata petroli au kuachia mafuta, na baadaye kuweka plagi za daraja la baridi linalolingana na nguvu mpya za injini.

Jedwali la ukimya ni la injini ilivyokuwa siku ile. Mipira ya injini ikibadilishwa, pistoni zikibadilishwa, sensa mpya ikifungwa au ekzosi ikihamishwa, lirekodiwe upya. Ukifanyiwa kazi hii Julai, kusi likivuma na asubuhi zikiwa za ubaridi, lirudishe gari Februari saa nane mchana, likiwa limetoka kwenye foleni na sindano ya joto ikiwa juu, lipimwe tena kwa petroli unayoinunua kila siku. Na siku ya kulichukua, mwombe fundi akupe faili la jedwali hilo pamoja na la ramani. Akikuambia hakuna jedwali, sensa ipo tu, basi wewe bado unaendesha gari langu lile la bloku ya rangi ya fedha.